Tumefikaje Hapa? Mahali na Nyakati Zilivyotengeneza Historia Yetu

Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Kegonga kuna maneno tunayoyasikia mara kwa mara. Mradi wa kuku ukifa, mtu mmoja husema, "Sisi Wakuria ndivyo tulivyo." Ng'ombe wakiibwa, mwingine husema, "Wale wa ukoo ule, wizi uko kwa damu." Barabara ikikaa miaka bila kutengenezwa, wa tatu anasema, "Huku kwetu tulilaaniwa." Basi mkutano unaisha, kila mtu anarudi nyumbani, na hakuna lililobadilika.

Katika makala hii tunataka kueleza kwamba maneno hayo si ya kweli. Hakuna ukoo uliozaliwa na wizi, na hakuna kijiji kilichozaliwa maskini. Watu hufanya mambo kulingana na mahali wanapokaa na nyakati walizoangukia. Maji hufuata mkondo. Ukitaka kujua kwa nini maji yamefika shambani mwako, huyaulizi maji. Unapanda mlima kutafuta yalikoanzia.

Hatusemi haya ili tupate visingizio. Tunasema kwa sababu jambo lililo na mwanzo linaweza pia kuwa na mwisho. Ukisema ni damu, umefunga mlango. Ukisema lilianza mwaka fulani kwa sababu fulani, hapo sasa kikundi kinaweza kukaa chini na kuuliza: je, sababu hiyo bado ipo?

1. MAHALI PENYEWE

Tuanze na udongo tunaoukanyaga. Nchi ya Kuria ni nchi ya vilima na mvua ya kutosha. Wazee wetu walilima wimbi na wakafuga ng'ombe. Wimbi lilikaa ghalani muda mrefu bila kuharibika. Ng'ombe ndio walikuwa benki: mahari ililipwa kwa ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe hakuwa na sauti kubwa mbele ya wenzake.

Zamani watu hawakujiita Wakuria kama tunavyojiita leo. Kila mtu alijitaja kwa ikiaro chake: Abanyabasi, Abairege, Abakira, Abagumbe na wengine walio upande wa Tanzania. Jina la Wakuria kama jina la kabila moja lilipata nguvu wakati wa ukoloni. Katika maandishi ya zamani ya wageni mtakuta wengi wetu tukiitwa Watende. Kumbe hata jina tunalodhani ni la tangu na tangu lina historia yake.

Majirani nao ni sehemu ya mahali. Mashariki yetu wako Wamaasai, kaskazini Wakisii, magharibi Wajaluo. Mahali ambapo watu wengi wenye ng'ombe wanakutana, lazima kuwe na biashara, ndoa na pia mapigano. Ushahidi uko katika kaunti yetu wenyewe. Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna maboma ya mawe yanayoitwa Thimlich Ohinga. Kuta zake zilijengwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha mawe, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Wataalamu wanakadiria zilijengwa karibu miaka 500 iliyopita. Mwaka wa 2018 UNESCO iliyaweka maboma hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Waliojenga hawakuwa wanatafuta sifa. Waliweka watu na mifugo ndani kwa sababu nje kulikuwa na hatari, na walitumia mawe kwa sababu mawe yalikuwapo tele. Hatari ya wakati ule, pamoja na mawe ya mahali pale, ndivyo vilivyozaa ukuta.

Mfano mwingine uko Homa Bay, katika bonde la Lambwe. Pale kuna udongo mzuri, lakini kwa miaka mingi watu hawakukaa kwa wingi. Sababu ni mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mwaka wa 1966 sehemu ya bonde hilo ilifanywa hifadhi ya wanyama, na tangu 1983 inaitwa Mbuga ya Ruma. Mtu anayepita leo anaweza kudhani wanyama walipendelewa kuliko watu. Lakini nzi mdogo alikuwa ameshaamua mambo mengi kabla ya serikali kuamua.

2. SOTOKA: MIAKA YA 1890

Sasa tuje kwenye nyakati. Karibu mwaka wa 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Ng'ombe walikuwa hawajawahi kuuona, kwa hiyo hawakuwa na kinga yoyote. Walikufa kwa wingi wa kutisha; sehemu nyingi walibaki wachache sana. Kisha ikaja ndui kwa watu, na njaa juu yake. Wamaasai, ambao maisha yao yote yalikuwa mifugo, waliumia vibaya kabisa.

Fikirini maana yake. Benki ya nchi nzima imefungwa kwa mwaka mmoja au miwili. Hakuna mahari, hakuna maziwa, hakuna cha kuuza. Na ni wakati huo huo wazungu walikuwa wanaingia. Walikuta watu wamechoka, nyika zimebaki tupu, na wakaandika kwamba nchi haina wenyewe. Wangekuja miaka 20 mapema, wangekuta watu wengine kabisa. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuisha duniani mwaka wa 2011, lakini yale iliyoyafanya yamebaki katika mipaka na katika hati za ardhi.

3. MSTARI WA 1886

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani walikubaliana kugawana nchi za Afrika Mashariki. Mstari wao ulianza baharini karibu na mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pale penye digrii 1 kusini ya ikweta. Mwaka wa 1890 wakauendeleza kuvuka ziwa. Alama ziliwekwa ardhini baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20.

Tazameni ramani. Kutoka Kilimanjaro mpaka ziwani mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na ndivyo ilivyokuwa. Mto haunyooki hivyo, wala mpaka wa mashamba ya watu. Hakuna mzee wa Kuria aliyeulizwa. Mstari ulipita katikati ya ibiaro vyetu, ukaacha ndugu wa nyumba moja upande huu na upande ule. Abairege wako pande zote mbili hadi leo. Abanyabasi vivyo hivyo.

Upande wa kusini Wajerumani walitawala kutoka kituo chao cha Shirati. Upande wa kaskazini Waingereza walifungua kituo Karungu, kando ya ziwa, mwaka wa 1903, na mwaka wa 1907 wakahamia Kisii. Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka wa 1914, kwa sababu mpaka ulikuwa hapa kwetu, vita navyo vilifika hapa kwetu. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii. Baadaye maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa njiani. Kama mstari ungepita mahali pengine, babu zetu wangesikia habari za vita hivyo kwa mbali tu.

4. NDUGU WAWILI, NJIA MBILI

Hapa ndipo somo linaonekana wazi zaidi. Chukueni ndugu wawili wa ukoo mmoja, lugha moja, mvua moja na wimbi moja. Mmoja yuko Nyabasi ya Kenya, mwingine yuko Tarime. Damu ni ile ile. Sasa angalieni nyakati zilivyowatenganisha.

Yule wa Tarime aliona Azimio la Arusha mwaka wa 1967. Mwaka wa 1974 aliona Operesheni Mara, watu wakihamishwa kutoka maboma yao na kuwekwa katika vijiji vya ujamaa. Watoto wake walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kinatiririka. Mwaka wa 1978 vita na Idi Amin vilianza, na vijana wengi wa Mara walikwenda.

Yule wa Kenya hakuhamishwa kupelekwa katika kijiji. Ardhi yake ilipimwa na kugawanywa, kila mtu akatafuta hati yake. Watoto wake walifundishwa kwa Kiingereza darasani. Mazao ya biashara yalikuja, nayo tutayazungumzia hapa chini.

Halafu mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka. Haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Kwa wakubwa wa Nairobi na Dar es Salaam lilikuwa jambo la siasa. Kwetu lilikuwa jambo la kumzika mjomba, kupeleka ng'ombe wa mahari, kuuza mahindi. Watu hawakuacha kuvuka, ila sasa walivuka kwa njia za panya, na kitu kilichokuwa halali jana kikaitwa magendo leo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Lakini kijana aliyelelewa katika miaka ile alikuwa ameshajifunza kwamba riziki iko katika kukwepa askari.

Kwa hiyo mtu akisema "Wakuria wa Tanzania wako hivi" au "Wakuria wa Kenya wako vile", muulizeni: ni damu, au ni ule mstari?

5. WIZI WA NG'OMBE: SI ULE ULE

Hili ni jambo gumu na tunajua linauma, maana kuna wasomaji wetu waliopoteza mifugo, na wengine waliopoteza watoto. Lakini ni lazima lisemwe.

Wengi hudai kwamba wizi wa ng'ombe ni mila. Ni kweli zamani vijana walivamia majirani na kuleta ng'ombe. Lakini ng'ombe wale walikaa bomani, wakalipa mahari, wakazaana. Uvamizi ulikuwa na kanuni zake na wazee waliujua. Wakati wa ukoloni mambo mawili yaligeuka. Kwanza, kulikuja soko la nyama la pesa taslimu, pamoja na kodi iliyotakiwa kwa pesa. Ng'ombe wa wizi sasa angeweza kuuzwa na kuchinjwa mbali siku chache baadaye, na hakuna wa kumtambua. Pili, mpaka wenyewe uligeuka kuwa maficho. Ukiiba upande huu na kuvuka, askari anayekufuata anasimama kwenye mstari.

Jambo la tatu lilikuja baada ya vita vya 1978 na 1979: bunduki zilizagaa. Mkuki na upinde ukapitwa na wakati. Wizi uliokuwa wa kikundi cha rika ukawa biashara ya watu wenye silaha, wanunuzi na malori. Watu walipoona serikali haifiki, wakajipanga wenyewe. Kusini kulikuja sungusungu, ulioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huku kwetu iritongo, baraza la zamani la jamii, lilipewa kazi mpya ya kusaka wezi, na mahali pengine liliadhibu kwa mkono mzito.

Mnaona sasa? Kinachoitwa mila ni mchanganyiko wa mahari, soko, mpaka na bunduki. Vitu hivyo vinne kila kimoja kina mlango wake. Kikundi hakiwezi kubadilisha damu, lakini kinaweza kuzungumza juu ya mahari. Kinaweza kudai kwamba ng'ombe wa kuuzwa mnadani awe na barua ya kuonyesha alikotoka. Kinaweza kufanya mapatano na kikundi cha ng'ambo.

6. KWA NINI SHULE NA BARABARA ZILICHELEWA

Tuseme kweli: huku kwetu maendeleo yalifika polepole kuliko sehemu za ziwani. Je, ni uvivu? Angalieni mahali.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Kutoka hapo meli zilizunguka ziwa. Aliyekaa kando ya ziwa alipata duka, posta na mwalimu mapema. Wamisheni Waadventista walipofika mwaka wa 1906 walijenga Gendia, karibu na Kendu Bay, mahali penye bandari. Shule ilifuata meli. Sisi tulio vilimani, mbali na maji, tulingoja.

Utawala nao ulikuwa mbali. Tulitawaliwa kutoka Karungu, kisha Kisii, halafu Homa Bay tulipokuwa wilaya ya South Nyanza. Mtu wa Ntimaru aliyetaka karatasi moja alisafiri siku nzima kwenda na nyingine kurudi, na huenda akaambiwa aje wiki ijayo. Wilaya ya Migori ilikatwa mwaka wa 1992, na Kuria ikapata wilaya yake mwaka wa 1993. Baada ya katiba ya 2010, kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013, na sisi tukawa ndani ya Kaunti ya Migori. Kila ofisi iliposogea karibu, kuna watoto waliopata vyeti vya kuzaliwa ambao wangekosa.

7. TUMBAKU NAYO ILIFUATA MKONDO

Katika miaka ya 1970 kampuni za tumbaku zilianza kuandikisha wakulima South Nyanza na Kuria. Watu wengi walikubali, na si kwa ujinga. Kampuni ilileta mbegu na mbolea kwa mkopo, ikatuma mtu wa kufundisha, na ikanunua zao lote kwa pesa taslimu. Hakuna zao lingine lililofika na vitu hivyo vyote. Mahali penye barabara mbaya, mnunuzi anayekuja mwenyewe ni kama mvua.

Lakini gharama ilikuja pole pole. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, na vilima vikaanza kubaki uchi. Inataka mikono mingi, na watoto wakakosa shule wakati wa kuchuma. Majani mabichi yanaleta kizunguzungu na kutapika kwa anayeyashika. Mkopo ukikatwa, wengine walibaki na kidogo sana mkononi. Mwaka wa 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo yalianza mpango katika Kaunti ya Migori wa kuwasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Funzo ni lile lile: mkulima haachi tumbaku kwa kuhubiriwa tu. Anaacha akipata mbegu, mkopo na mnunuzi kwa zao lingine.

8. LAKINI WATU SI MAJI

Hapo juu tumesema maji hufuata mkondo. Hata hivyo binadamu anaweza kuchimba mtaro. Katika nyakati zote tulizotaja kuna watu waliofanya tofauti na wenzao. Kuna wazazi waliouza ng'ombe kumsomesha mtoto wakati majirani waliwacheka. Kuna akina mama walioanza kuchangishana shilingi wakati hakuna benki iliyowatambua. Mahali na wakati hutupa vifaa na hutuwekea mipaka, havitufanyii kazi. Kwa hiyo mwizi atajibu kwa wizi wake, na kiongozi mbaya kwa uongozi wake. Tunachokataa ni kuwahukumu watoto wao kabla hawajafanya lolote.

9. KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

Zoezi hili halihitaji pesa. Linahitaji karatasi kubwa, kalamu na siku moja au mbili.

(a) Alikeni wazee, wanaume na wanawake. Msiwaite wa ukoo mmoja tu.

(b) Chorani mstari mrefu. Andikeni miaka mnayoijua kwa hakika: 1914, 1963, 1977, 1983, 1993, 2013. Kwa mambo ambayo mwaka wake haujulikani, tumieni majina ya esaro, maana kila rika la tohara lina jina na wazee wanayakumbuka kwa mpangilio. Akina mama waweza kuhesabu kwa mwaka wa kuolewa au wa mtoto wa kwanza.

(c) Chini ya kila mwaka andikeni: kulitokea nini hapa kijijini? Njaa, shule, barabara, ugonjwa, vita vya koo, mnunuzi mpya.

(d) Chorani ramani mbili za kijiji, moja ya wakati wazee walipokuwa watoto na moja ya leo. Wekeni mito, misitu, malisho, njia na boma la kila mtu. Mtashangaa.

(e) Chagueni tatizo moja ambalo kikundi kinapambana nalo. Litafuteni kwenye mstari: lilianza lini? Ni nini kilichokuwa kimebadilika mwaka huo?

(f) Wazee wakitofautiana, andikeni maelezo yote mawili na msilazimishe mmoja anyamaze. Hasa katika mambo ya ardhi na mapigano, karatasi yenu isigeuke kuwa kuni ya ugomvi mpya.

Hifadhini karatasi hiyo mahali pakavu, na nakala moja ipelekwe shuleni. Wazee waliouona mpaka ukifungwa mwaka wa 1977 wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka, na tukichelewa tutabaki na maneno ya "ndivyo tulivyo" peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni jambo gani katika kijiji chetu tunaloliita mila, ambalo kwa kweli lilianza katika maisha ya babu zetu?

2. Kama mpaka ungepita kilomita 30 kusini au kaskazini, familia zetu zingekuwa wapi leo?

3. Ni mambo gani ya mahali petu hatuwezi kuyabadilisha, na ni yapi tunaweza?

4. Watoto wetu wataandika nini chini ya mwaka huu tulio nao?